Paja la Nguruwe, Moshi na Istilahi: Mfano kutoka Nyanda za Songwe

1. Utangulizi

Istilahi za vyakula hazijapata nafasi kubwa katika orodha zetu. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, jitihada nyingi zimeelekezwa kwenye maneno ya sheria, ya sayansi, ya siasa na ya utawala. Jiko limeachwa lijisemee lenyewe. Aghalabu hudhaniwa kwamba chakula ni jambo la nyumbani, na kwamba mpishi akijua anachopika hapana haja ya mwanaistilahi kuingilia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo yaweza kuleta madhara, na kwamba historia ya neno moja la chakula yaweza kutufundisha mengi juu ya namna maneno yanavyoingia katika lugha, na kwa nini mengine hukataa kuingia.

Chakula chenyewe ni paja la nguruwe lililotiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi. Katika nchi nyingi za milima, hasa Ulaya, chakula hiki ni cha jadi. Kwetu ni kigeni, na jina lake bado halijatulia. Nilianza kulifikiria nilipokuwa Tunduma kwa shughuli ya kukusanya maneno ya biashara ya mpakani. Katika duka moja niliona ndani ya jokofu pakiti ya nyama hiyo, yenye maandishi ya Kiingereza tu. Maandishi makubwa yalieleza kwamba nyama imepitishwa katika moshi. Yale madogo yalionya kwamba sharti ipikwe kabla ya kuliwa. Nilimwuliza mama mwenye duka ni nyama gani. Akajibu, "Hiyo imekwisha kubanikwa, mwalimu. Ni ya kukata na kula tu."

Mama yule hakuwa mwongo. Alitafsiri kwa neno alilokuwa nalo. Swali ni kwa nini hakuwa na neno jingine.

2. Jina la zamani kwa mnyama mgeni

Tuanze na mnyama mwenyewe. Neno nguruwe si la kukopa. Ni neno la Kibantu la tangu zamani sana, nalo limeenea kutoka Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara. Kinyakyusa husema ingulube. Kizulu, kilicho mbali nasi kwa maelfu ya kilomita, husema vivyo hivyo. Wataalamu wa historia ya lugha za Kibantu wanakubaliana kwamba hapo awali neno hili lilimtaja nguruwe wa porini, yule aharibuye mashamba usiku. Nguruwe wa kufugwa alienea katika bara la Tanganyika baadaye, hasa kwa mikono ya wamishenari na walowezi wa Kizungu. Alipofika alipewa jina la ndugu yake wa porini, na yule wa porini ikabidi aongezewe sifa, akawa nguruwe mwitu. Hivyo mgeni alilichukua jina, na mwenyeji akabaki na maelezo.

Si kila lugha jirani ilifuata njia hiyo. Kichewa, kisemwacho Malawi na Zambia, kimewatenga: nguluwe ni yule wa porini, na yule wa kufugwa huitwa nkhumba. Twaona basi kwamba mipaka ya mataifa inapokutana, Tunduma na Nakonde kwa upande mmoja, na Ileje na Malawi kwa upande mwingine, neno la asili moja laweza kumtaja mnyama wa zizini kwa msemaji huyu na mnyama wa msituni kwa msemaji yule. Mkusanyaji wa maneno asiyelijua jambo hili aweza kuandika maana isiyo sahihi bila kukosea hata herufi moja.

3. Meza ya misheni na jiko la kijijini

Wamishenari wa Moravian kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891. Mwaka 1899 kituo cha Mbozi kilianzishwa miongoni mwa Wanyiha na Traugott Bachmann, ambaye baadaye alitafsiri Agano Jipya katika Kinyiha. Wajerumani ni watu wenye mila ndefu ya kuhifadhi nyama ya nguruwe. Paja la moshi huliita Schinken, na nyama yenye mafuta iliyohifadhiwa huiita Speck. Baada yao walikuja walowezi wa kahawa katika uwanda wa Mbozi.

Jambo la kustaajabisha kwa mwanaistilahi ni hili: maneno hayo ya Kijerumani hayakuacha alama yoyote katika Kiswahili sanifu. Kumbe maneno mengine ya Kijerumani yalibaki, na yako hai hata leo. Shule ni la Kijerumani. Hela nalo latokana na sarafu ya heller iliyoanza kutumika katika koloni mwaka 1904. Kwa nini shule na hela zikae, na Schinken lipotee?

Jibu ni kwamba neno huja na kazi. Shuleni mtoto wa mwananchi aliingia mwenyewe. Hela alipewa mkononi, na tena alidaiwa kodi. Vitu hivyo vilikuwa sehemu ya maisha yake, apende asipende. Paja la moshi halikutoka nje ya chumba cha chakula cha Mzungu. Mpishi alilikata na kuliandaa, lakini hakulitengeneza nyumbani kwake wala hakuliuza sokoni. Neno ambalo watu hawana kazi nalo hufa pamoja na safari ya mwenye nalo.

Hali haikuwa tofauti sana mahali ambapo nyama hizi zilitengenezwa kwa wingi. Katika nyanda za juu za Kenya, karibu na Limuru, kulikuwa na kiwanda mashuhuri cha bekoni cha Uplands. Wafanyakazi wake Waafrika waligoma mwezi Septemba 1947, na polisi walipofyatua risasi wafanyakazi watatu waliuawa. Mikono ya Waafrika ndiyo iliyotia chumvi na kutundika nyama ile, lakini soko lake kubwa lilikuwa la walowezi, na majina yake yalibaki ya Kiingereza. Bekoni na soseji zilipata umbo la Kiswahili. Kazi zilizofanyika ndani ya kiwanda, kama vile kuloweka katika maji ya chumvi na kutundika katika chumba cha moshi, hazikupata istilahi zilizoenea. Tulikopa jina la kitu tukaacha jina la kazi.

Katika Tanzania nyama ya nguruwe ilijipatia msamiati wake mwenyewe baadaye, tena wa mafumbo. Jina kitimoto lilienea katika miaka ya 1990. Wengine hulihusisha na kipindi cha televisheni cha jina hilo ambamo wageni waliulizwa maswali mazito. Wengine husema ni hali ya mlaji anayekaa kwa wasiwasi asionekane. Wapo pia waiitao mbuzi katoliki. Tukumbuke kwamba mwezi Aprili 1993 mabucha ya nguruwe jijini Dar es Salaam yalishambuliwa na watu walioyapinga. Katika nchi ya dini nyingi, mafumbo haya ni njia ya kutaja kitu bila kumkwaza jirani, na hatuna sababu ya kuyadharau. Hata hivyo yote huitaja nyama kwa ujumla. Hakuna hata moja litajalo sehemu ya mwili wala namna ya kutengeneza.

4. Chumvi na moshi katika nyanda za Songwe

Isidhaniwe kwamba watu wa nyanda hizi hawakuwa na ujuzi wa kuhifadhi chakula. Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, una vitu vyote vitatu ambavyo kazi hii huvihitaji: chumvi, moshi na hewa ya baridi.

Kwanza, chumvi. Huko Ivuna, katika Wilaya ya Momba, kuna chemchemi za maji ya chumvi karibu na Ziwa Rukwa. Wanaakiolojia Brian Fagan na J. E. Yellen walichimba mahali hapo na kuchapisha matokeo yao mwaka 1968. Walionyesha kwamba watu walikuwa wakitengeneza chumvi Ivuna tangu kiasi cha karne ya 13 hadi ya 15. Hivyo basi chumvi ilikuwa kazi ya watu wa nyanda hizi karne nyingi kabla ya mmishenari wa kwanza kufika.

Pili, moshi. Samaki wa Ziwa Rukwa, hasa kambale, hukaushwa juu ya moto na kupelekwa masoko ya mbali. Chombo cha kazi hiyo kina jina lake la Kiswahili safi: chanja, au kichanja, yaani jukwaa la fito ambalo juu yake vitu hutandazwa vikauke. Ndani ya nyumba nako, juu ya mafiga, wakulima wengi wa nyanda za juu hutundika mahindi ya mbegu ili moshi uyakinge na wadudu.

Tatu, hewa. Sehemu kubwa ya uwanda wa Mbozi na Tunduma iko kwenye kimo cha kiasi cha mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Miezi ya Juni na Julai ni mikavu na yenye baridi. Hali ya namna hiyo ndiyo iliyozaa mapaja makavu ya nchi za milima. Jina la Kihispania serrano, liitwalo paja la namna moja mashuhuri, maana yake ni "la milimani".

Vitu vyote vilikuwepo, ila paja lenyewe halikutundikwa. Sababu si ya kutafuta mbali. Mnyama achinjwapo kijijini nyama hugawanywa na kuuzwa upesi, na nguruwe ni fedha ya ada ya shule na ya mbolea. Mkulima hana nafasi ya kusubiri miezi kumi na miwili ili paja likauke.

5. Lugha nyingine zimelitajaje?

Kabla ya kupendekeza istilahi yafaa kutazama njia zilizofuatwa na wengine. Njia ya kwanza ni kutaja kiungo cha mwili. Kifaransa husema jambon, kutokana na neno la mguu. Neno la Kiingereza, tulilolitohoa kuwa hemu, kwa asili lilimaanisha sehemu iliyo nyuma ya goti. Schinken pia ni la ukoo wa maneno ya mguu. Njia ya pili ni kutaja kazi iliyofanywa: prosciutto la Kiitaliano latokana na maneno yenye maana ya kitu kilichokaushwa sana. Njia ya tatu ni kuviunga vyote viwili. Wachina, ambao mafundi wao walijenga pamoja nasi reli ya TAZARA ipitayo Tunduma kati ya 1970 na 1975, wana paja mashuhuri la Jinhua, nao hutumia jina huotui, yaani "mguu wa moto". Paja hilo, pamoja na jina lake, halipikwi motoni wakati wa kutengenezwa; hutiwa chumvi na kukaushwa.

Mfano huu wa mwisho ni onyo kwetu. Jina laweza kutaja moto pasipo na mapishi. Mchina haghafiliki, kwa kuwa anaijua kazi yenyewe tangu utoto. Mgeni asiyeijua kazi hana kinga ila jina.

6. Banika, kausha, fukiza

Kiswahili kina vitenzi vitatu ambavyo vyaweza kufikiriwa hapa.

Kubanika ni kuweka nyama au samaki juu ya moto, aghalabu kwa ubano, yaani kijiti kilichopasuliwa ambacho hubana kipande cha nyama. Kitenzi hiki kina mapishi ndani yake. Samaki aliyebanikwa amekauka, ni kweli, lakini pia ameiva.

Kufukiza ni kutoa au kutia moshi. Lakini kitenzi hiki kimeshikamana na ubani, udi na chetezo. Ukisema nyama iliyofukizwa, msikilizaji wa pwani atacheka kabla hajala.

Kukausha ni kuondoa maji. Pwani papa mkavu na ng'onda ni vyakula vya kawaida, na kila mtu ajua kwamba kukauka kwa jua si kuiva. Kitenzi hiki hakisemi chochote juu ya moto, na hiyo ndiyo faida yake.

Sasa twaweza kulijibu swali la Tunduma. Katika jiko letu moshi na moto havijatengana. Samaki wa Rukwa hukaushwa na kuivishwa na moto ule ule. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili asikiapo kwamba nyama imepita katika moshi, husikia kwamba imeiva. Lakini paja la nguruwe la namna nyingi hutundikwa katika moshi usio na joto kubwa, mbali na moto wenyewe, na hutoka likiwa bichi kama lilivyoingia. Lililobadilika ni maji, chumvi, rangi na harufu. Mama mwenye duka alikuwa na kitenzi kimoja kwa mambo mawili.

7. Madhara ya neno lisilo wazi

Pengine msomaji atauliza kama tofauti hii inastahili kurasa zote hizi. Kwa watu wa Songwe inastahili.

Nyama ya nguruwe yaweza kubeba viluwiluwi vya tegu. Mtu alapo nyama hiyo ikiwa haikuiva, tegu huota katika utumbo wake. Mayai ya tegu hutoka pamoja na choo, na yakifika katika chakula, maji au mikono ya watu, humezwa na kugeuka viluwiluwi ndani ya mwili wa binadamu. Vikikaa katika ubongo huweza kuleta kifafa. Mwaka 1913 au leo, mzunguko wa mdudu huyu ni ule ule: choo kisichofaa, nguruwe anayezurura, nyama isiyoiva. Uchunguzi wa wataalamu wa mifugo katika wilaya za Mbozi na Mbeya Vijijini, uliochapishwa mwaka 2013, ulithibitisha kwamba viluwiluwi hivyo vilikuwemo katika nguruwe wa wafugaji wadogo wa huko. Ngao iliyo karibu na kila nyumba ni kuipika nyama mpaka kiini chake kiive. Anayeambiwa kwamba nyama imekwisha kubanikwa ananyang'anywa ngao hiyo kwa neno moja.

Tena kuna homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921. Ugonjwa huu haumpati binadamu, lakini huua nguruwe kwa wingi, na kati ya 2010 na 2012 ulileta hasara katika nyanda za kusini mwa nchi. Virusi vyake vyaweza kuishi kwa muda mrefu katika nyama iliyotiwa chumvi na kukaushwa. Basi katika mji wa mpakani kama Tunduma, mabaki ya nyama "iliyobanikwa" yakitupiwa nguruwe, yaweza kuangamiza zizi zima.

Kuna mfano wa nyumbani ambao waweza kulieleza jambo hili vizuri kuliko istilahi yoyote. Yale mahindi ya mbegu juu ya mafiga hukaa katika moshi miezi mingi. Huwa meusi na makavu. Msimu wa mvua ukifika hushushwa, hupandwa, nayo huota. Kila mkulima ajua kwamba mbegu iliyoiva haioti. Basi moshi haukuiivisha. Kilichokuwa hai kimebaki hai. Ndivyo ilivyo kwa nyama, na ndivyo iwezavyo kuwa kwa kilichomo ndani yake.

8. Mapendekezo

Kutokana na maelezo hayo, napendekeza yafuatayo yajadiliwe na wasomaji pamoja na wataalamu wa mifugo, wa afya na wa upishi.

(a) Hemu: paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi, liwe limekaushwa kwa moshi au kwa hewa, liwe bichi au limepikwa. Utohozi huu unafuata kawaida ya lugha yetu, ambayo imetupa benki, gesi, begi na bendi. Lau tungalichagua irabu a, tungaligongana na hamu, na mwenye hamu ya hemu angalipata taabu ya kujieleza.

(b) Kukausha kwa moshi: kuondoa maji katika nyama au samaki kwa moshi, pasipo kukusudia kuivisha. Usemi huu ni mrefu, lakini urefu si kosa ikiwa ufupi unadanganya.

(c) Kubanika: neno hili libaki na maana yake ya kuivisha juu ya moto. Lisitumiwe kutafsiria nyama yoyote ambayo haikuiva.

(d) Hemu mbichi ya moshi, na hemu iliyopikwa: mafungu haya mawili yatenganishwe katika kila lebo, bango na kitabu cha mapishi. Sifa "mbichi" isiachwe kwa kuona haya au kwa kuhofia biashara.

(e) Chanja na ubano: maneno haya yarudishwe katika vitabu vya ufundi wa chakula, badala ya kutohoa majina ya vyombo ambavyo tayari tunavyo.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba nguruwe wa kufugwa alipewa jina la zamani, kwamba maneno ya Kijerumani ya paja la moshi yalitoweka kwa kuwa watu hawakuwa na kazi nayo, na kwamba kitenzi tulichokuwa nacho kiliunganisha moshi na kuiva. Siku hizi bidhaa hizi zimo katika majokofu ya maduka ya mpakani, na wafugaji wa Mbozi wenyewe waweza kesho kuanza kuzitengeneza. Wakianza, neno litakuja na kazi kama ilivyo desturi. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba neno hilo linasema kweli.

Kabla ya kuondoka Tunduma nilirudi katika duka lile nikamsomea mama yule maandishi madogo ya pakiti kwa Kiswahili. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza, "Kumbe ni kama mahindi ya darini?" Nikamwambia ndiyo. Akachukua kalamu na kipande cha karatasi, akaandika: MBICHI. PIKA KWANZA. Akakibandika juu ya pakiti. Katika miaka yangu ya kazi hii sijaona ufafanuzi mfupi ulio bora kuliko huo.